Ndege ya Simuleta: Ukodi au Ununue?

Swali: Nipo Dubai, kazi yangu ni ya zamu. Nikipata usiku wa mapumziko narusha ndege kwenye kompyuta kwa Microsoft Flight Simulator, ninayoipata kwa Game Pass ya kulipia kila mwezi. Ndege zilizokuja nayo nimeshazizoea. Sasa natamani Boeing 737-800 iliyotengenezwa kwa undani, niirushe Nairobi hadi Mombasa kwa utaratibu uleule wa marubani wa Kenya Airways. Inauzwa kama dola 75. Rafiki yangu ananiambia nisipoteze pesa, kuna mtu anakodisha akaunti zilizojaa ndege za aina hiyo kwa ada ndogo ya mwezi. Nikodi au ninunue?

Jibu: Ndugu yangu, mwezi huu usinunue ndege hiyo, na akaunti ya kukodi usiiguse kabisa, mwezi huu wala mwingine. Natamani uje uwe na hiyo 737, kwa sababu najua raha anayoipata mtu anayeijua ndege moja nje ndani. Lakini kuna mambo yanatangulia, na ukiyafuata huenda ukaokoa zaidi ya hizo dola 75.

Tuanze na Game Pass, maana hapo tayari unakodi. Ukilipa unaingia, ukiacha kulipa simuleta haifunguki. Ndege utakayonunua kwa mtengenezaji itabaki kwenye diski, leseni itabaki kwa jina lako, ila hutakuwa na pa kuirushia mpaka ulipe tena. Utakuwa umejenga nyumba ya tofali kwenye kiwanja cha kupanga. Wapo wengi wa namna hiyo: wana ndege za mamia ya dola juu ya simuleta wanayoilipia mwezi kwa mwezi, na siku kadi ya benki inapokataa, vyote vinasimama pamoja.

Piga hesabu. Toleo la kawaida la Microsoft Flight Simulator 2024 lilitoka Novemba 2024 kwa dola 69.99. Chukua, kwa mfano tu, ada ya mwezi ya dola 12: miezi sita ni dola 72, yaani bei ya simuleta imeshatoka mfukoni mwako na bado huna simuleta. Ada ikipanda, nayo imekuwa ikipanda, muda huo unazidi kufupika. Kama unaitumia Game Pass kwa michezo mingine pia, endelea nayo kwa amani. Kama uliifungua kwa ajili ya kurusha ndege tu, basi kitu cha kwanza kununua ni simuleta yenyewe. Kuikodi kulikuwa na maana pale mwanzoni, ulipokuwa hujui kama utaupenda urubani huu wa nyumbani wala kama kompyuta yako itaumudu. Hayo umeshayajua.

Sasa tuje kwenye ndege. Ukilipa dola 75 unapewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia programu ya mtu kwa masharti yake. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayoyataka maduka ya dijitali yamweleze mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni. Katika simuleta jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ndege haiwezi kuishi bila simuleta iliyotengenezewa. Mwaka 2012 Microsoft walitoa Microsoft Flight, simuleta ya bure iliyokusudiwa kuwauzia watu ndege na maeneo kimoja kimoja. Ilitoka Februari, na Julai ya mwaka huohuo kazi ya kuiendeleza ikasimamishwa. Dovetail Games nao walileta Flight Sim World mwaka 2017. Aprili 2018 wakatangaza kuifunga. Waliokuwa wamenunua ndege humo hawakuwa na pa kuzihamishia.

Hata simuleta inapoendelea kuishi, ndege nayo ina umri wake. PMDG, watengenezaji wa 737 ambao nadhani ndio unaowafikiria, walitoa 737NGX kwa ajili ya Flight Simulator X, simuleta ya zamani ya Microsoft, mwaka 2011. Aliyehamia Prepar3D, simuleta ya Lockheed Martin, alihitaji leseni nyingine. Mwaka 2019 ikaja 737 mpya ya Prepar3D, na mwaka 2022 ikaja ya Microsoft Flight Simulator. Mpenzi wa 737 aliyeandamana nayo safari yote hiyo ameilipia mara kadhaa ndani ya miaka 11. Siwalaumu watengenezaji, kwa sababu kila simuleta mpya huwalazimu kuijenga upya sehemu kubwa ya ndege, na wanaoifanya kazi hiyo ni watu wachache. Ninachotaka ni uzihesabu dola 75 zako kama kodi ya miaka minne hivi iliyolipwa kwa mkupuo. Ukizihesabu hivyo, ni chini ya dola 1.60 kwa mwezi, na hakuna atakayekukodishia ndege ya kiwango hicho kwa bei hiyo.

Ila hesabu hiyo ni ya mtu anayeirusha kweli. Anayekaa kwenye usukani siku mbili kwa wiki, saa mbili kila siku, anafikisha kama saa 200 kwa mwaka. Hata ukiuhesabu mwaka wa kwanza peke yake, kila saa imemgharimu chini ya senti 40. Anayeirusha jioni nne akaichoka, saa nane kwa jumla, amelipa zaidi ya dola 9 kwa saa. Kwa hiyo kabla hujaangalia pochi, angalia ratiba ya zamu zako, kwa sababu ndege ya undani inakula muda kuliko inavyokula pesa.

Chukua hiyo jioni yako ya Nairobi hadi Mombasa. Unaingia chumba cha rubani, ndege imezimwa, giza tupu. Unawasha betri, unaomba umeme wa nje au unawasha APU, ile injini ndogo ya mkiani. Unanyanyua mkono kwenye paneli ya juu, nyuma kabisa, ugeuze swichi mbili za IRS, mfumo unaoiambia ndege iko wapi na inaelekea wapi, kutoka OFF hadi NAV. Mfumo huo unahitaji ndege itulie tuli ili uhisi mzunguko wa dunia na kujua kaskazini ni wapi. Kwenye 737 halisi muda wake hutegemea ulivyo mbali na ikweta: huko Ulaya ya kaskazini marubani husubiri zaidi, lakini karibu na ikweta ni kama dakika 5 tu, na Uwanja wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1 na ushei kusini mwa ikweta. Wakati unasubiri, unaingiza safari kwenye FMC, kompyuta ya safari ya ndege: HKJK na HKMO, yaani vifupisho vya viwanja vya Nairobi na Mombasa, njia, uzito wa abiria na mafuta, joto la nje. Hapo ndipo Nairobi inapokufundisha kitu. Uwanja uko kama futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini zinatoa nguvu pungufu, na ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla mabawa hayajaibeba. Kiwango cha flap, yale mapanuzi ya nyuma ya mabawa, na kasi za kuondokea utakazopata haziwi zile za Mombasa, ambako uwanja uko futi 200 hivi tu kutoka usawa wa bahari.

Ndege ya kawaida iliyokuja na simuleta itakusamehe ukipuuza nusu ya hayo. Ya undani haikusamehe: ukikosea uzito, utaiona njia ya kurukia ikiisha mbele yako huku pua haijanyanyuka. Kwa mtu mwenye kiu ya kujifunza hakuna mwalimu mzuri kuliko huyo. Lakini maandalizi, safari yenyewe ambayo haifiki saa moja hewani, kisha kutua na kuzima mifumo, vyote pamoja ni saa mbili, na mwanzoni zitakuwa tatu. Zamu zako zikikuachia dakika 40 tu kabla ya kulala, hutafika hata kwenye kuwasha injini. Kwa jioni kama hizo Cessna Caravan inayokuja na simuleta inakutosha sana. Ipandishe Zanzibar uishushe Dar es Salaam, ni dakika ishirini hivi, nayo ndiyo aina ileile inayobeba watu katika viwanja vidogo vya Tanzania na Kenya kila siku.

Kwa sababu hiyo nakushauri uanze na za bure, na katika fani hii bure haimaanishi hafifu. FlyByWire, kundi la watu wanaojitolea, wametengeneza Airbus A320neo ambayo miaka michache nyuma ungeilipia bila kusita, na wana A380 pia, ile unayoiona ikipita juu ya Dubai asubuhi na jioni. Airbus A310 ya iniBuilds iliingizwa bure ndani ya Microsoft Flight Simulator Novemba 2022, katika toleo la kuadhimisha miaka 40 ya simuleta hiyo, nayo ina mifumo ya kutosha kukushughulisha miezi mingi. Toleo la 2024 lina 737 MAX 8 miongoni mwa ndege zake. Haifiki kina unachokitaka, ila mpangilio wake wa chumba cha rubani una undugu wa karibu na 737-800, na mazoea ya mkono utakayoyapata humo hayatapotea.

Kuna njia nyingine ambayo wauzaji hawatakuambia. X-Plane 12 ya Laminar Research inakuja na 737-800, na wapenzi wake wameiboresha kwa kazi ijulikanayo kama Zibo mpaka ikawa moja ya 737 bora za nyumbani, na hawatozi hata senti. Pia ipo X-Plane ya kujaribu bila malipo, kwa hiyo unaweza kuona kwanza kama kompyuta yako inaimudu. Kama shauku yako yote iko kwenye ndege yenyewe, swichi na taratibu zake, basi kununua X-Plane peke yake na kuweka Zibo kunakugharimu karibu nusu ya kununua simuleta ya Microsoft pamoja na ndege ya dola 75. Utakachokosa ni mandhari. Microsoft huchota picha za dunia kutoka mtandaoni, ndiyo maana Mombasa yake kutoka angani unaweza kuitambua mtaa kwa mtaa. Ningekuwa na shauku kama yako ningeanza na Zibo, na sisemi hivyo kwa sababu ya bei tu. Ukishajua kuipeleka 737 ya Zibo kutoka lango hadi lango, utajua kwa hakika kama 737 ndiyo ndege ya moyo wako.

Na kukodi je? Kunafaa, tena sana, kwa vitu viwili: unachokijaribu, na kinachochakaa kwa kalenda. Kwa kujaribu, mfano mzuri kuliko yote ni DCS World ya Eagle Dynamics, simuleta ya ndege za kivita. Hapo unaruhusiwa kuichukua ndege ya kulipia ukairushe siku 14 bila kulipa, na baada ya miezi sita unaweza kuijaribu tena. Laiti watengenezaji wote wa ndege za abiria wangefanya hivyo, maana siku 14 zinatosha mtu kujua kama ndege inamfaa. Kwenye simu kuna Infinite Flight, ambayo kwa ada moja inakufungulia ndege zake zote na dunia nzima. Kwa kijana wa Mwanza au Bujumbura asiye na kompyuta yenye nguvu, kulipia mwezi mmoja wa likizo kisha kuacha shule zikifunguliwa ni matumizi mazuri ya pesa. Hapo anakodi akijua anakodi, kutoka kwa mwenye mali.

Vinavyochakaa kwa kalenda ni data za urambazaji na chati, yaani ramani za marubani za viwanja na njia za anga. Dunia nzima huzisasisha kila baada ya siku 28, mara 13 kwa mwaka, na hivyo Navigraph huzitoa kwa ada ya mwezi au mwaka. Kununua chati moja kwa moja hakuna maana, kwani ungenunua karatasi ya jana. Lakini nawe usijione unalazimika kulipa kila mwezi. Ndege nzuri huja na data ya wakati ilipotolewa, na njia za Nairobi hadi Mombasa hazibadiliki kiasi cha kukuharibia jioni. Mpango wa safari utaupata SimBrief bila malipo. Lipia chati pale tu unapoanza kurusha na watu wengine kwenye VATSIM, mtandao ambako mtu anayejitolea kuongoza ndege anakupa jina la njia ya kuingilia uwanjani na anategemea unayo. Kujiunga na VATSIM kwenyewe ni bure.

Sasa huyo mwenye akaunti. Anachokukodisha si chake kukikodisha. Masharti ya Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, yanakataza kumtoza mtu mwingine kwa kutumia akaunti yako, na akaunti ikifungwa, ada yako imekwenda nayo. Nywila anayokupa amewapa na wengine. Siku yoyote anaweza kuibadilisha, na huna pa kumshtaki. Wapo pia wanaokutaka kwanza uzime kinga ya virusi kwenye kompyuta ili programu yao ya kufungulia ndege ifanye kazi. Ukiombwa hivyo, funga mazungumzo papo hapo, kwa sababu kompyuta hiyohiyo ndiyo unayoingilia benki na kupelekea pesa nyumbani. Juu ya yote hayo, hakuna shilingi ya ada hiyo inayomfikia mtu aliyekesha miaka akiijenga ndege. Watengenezaji hawa ni wachache, na wakikosa mapato, ndege inayofuata haitoki.

Tuseme miezi mitatu imepita, umerusha Zibo au A320 ya bure mara kwa mara, na bado 737-800 ya kulipia inakuita. Sasa inunue, na uinunue kwa akili. Kwanza hakikisha imetengenezwa kwa toleo ulilonalo. Ya 2020 na ya 2024 ni simuleta mbili tofauti, na haijalishi jina linafanana kiasi gani. Soma ukurasa wa mtengenezaji uone kama leseni moja inahudumia zote mbili au utatozwa tena ukihama. Pili, kwa mwenye kompyuta kama wewe, napendelea duka la mtengenezaji kuliko soko lililomo ndani ya simuleta. Ununuzi wa sokoni humo unafungamana na akaunti yako ya Microsoft, na sasisho huchelewa kwa kuwa linapita kwanza kwenye ukaguzi. Kwa mtengenezaji unapata faili ya kusakinishia unayoweza kuihifadhi mwenyewe, na marekebisho yanakufikia mapema. Mwenye Xbox hana uchaguzi huo. Soko la ndani ndilo lake. Tatu, uliza kama ndege inafunguka bila kuwasiliana na seva ya mtengenezaji kila mara. Inayoomba idhini mara moja tu wakati wa kusakinisha ina maisha marefu kuliko inayoomba kila unapoiwasha.

Usitegemee kurudishiwa pesa. Steam hurudisha ikiwa hujapitisha siku 14 na hujatumia zaidi ya saa mbili, lakini kwa simuleta hizi saa mbili ni chache mno. Mwaka 2020 wengi walilalamika kuwa zinaisha simuleta ikiwa bado inajipakua, kwa sababu upakuaji ulifanyika ndani ya programu yenyewe na ukahesabiwa kama muda wa kucheza. Ndege iliyonunuliwa kwa mtengenezaji na kufunguliwa kwa namba ya leseni mara nyingi hairudishwi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta video ya mtu akiifanya safari nzima bila kukata, uangalie inavyotua na inavyoibebesha kompyuta yake mzigo. Picha nzuri za tangazo hazikuambii lolote kuhusu hilo.

Ukifikiria kurudi nyumbani siku moja, lipime na suala la intaneti. Toleo la 2024 huchota sehemu kubwa ya data zake moja kwa moja unaporusha, na kiwango cha chini kilichotajwa ni megabiti 10 kwa sekunde. Dubai hilo ni dogo. Kwa anayetumia bando la simu Tanga au Kisumu ni gharama inayojirudia kila jioni, na hapo X-Plane, ambayo mandhari yake hukaa kwenye diski, inakuwa na faida isiyoonekana kwenye bei ya dukani.

Neno moja kwa ajili yako uliyeko Ghuba. Akaunti zote hizi, ya Steam, ya Microsoft na ya mtengenezaji wa ndege, zifungue kwa barua pepe yako binafsi, kamwe usitumie ya kampuni unayofanyia kazi, na namba ya kupokelea msimbo wa usalama iwe ile utakayobaki nayo ukibadilisha mwajiri. Watu hukatiwa laini ya Emirati mkataba unapoisha, kisha msimbo unatumwa kwenye namba ambayo hawanayo tena, na leseni walizolipia zinabaki upande wa pili wa mlango. Hifadhi risiti na namba za leseni mahali pengine nje ya kompyuta, pamoja na ile faili ya kusakinishia, na uweke nakala yake kwenye diski ya pembeni siku hiyohiyo unaponunua.